Meza ya mninga kutoka karakana moja ya Mikindani

Karakana ya useremala niliyoiagiza meza yangu ya kuandikia, iliyoko Mikindani mkoani Mtwara, haina bango wala samani za maonyesho, lakini fundi wake anazijua mbao. Nilikwenda nikitaka msonobari kwa kuwa ni wa bei nafuu. Akanieleza, bila kunishurutisha, kwamba mbao zake ni laini, hubonyea upesi, na zisipotiwa dawa huliwa na mchwa, ambao huku kwetu hawana simile. Mkongo ni mgumu na hudumu sana, ila uzito wake ungenitaabisha siku ya kuhama. Tukakubaliana juu ya mninga, ambao ukikaushwa vizuri haupindi wala hausinyai sana, jambo la maana katika mji wenye unyevu wa bahari, na ambao hupigwa randa bila taabu. Miguu imeungwa kwa ndimi zilizozamishwa kwenye matundu na kutiwa gundi, si kwa misumari mitupu.

Meza ilichelewa wiki mbili, na vanishi ya upande wa chini ilipakwa kwa pupa. Droo, hata hivyo, haijakwama hata mara moja, na hii ni misimu miwili ya mvua sasa.