Ndimu ya Kubebesha Niliyouziwa Imekatika Mzizi

Sikukusudia kuandika lolote kuhusu kitalu hiki, kwa kuwa mimi si mtu wa kugombana na wauza miche, na wengi wao wamenifaa tangu nilipoanza kupanda mboga na viungo katika ndoo na madumu kwenye kibaraza cha nyumba ninayopanga hapa Dar es Salaam. Lakini kila ninapopita kibarazani na kuiona ile ndoo ya lita 20, nausikia tena ule mlio, na hasira inanipanda upya.

Nilikwenda pale siku chache kabla ya mvua za vuli, nikitafuta mche mmoja wa ndimu ya kubebesha, yaani ndimu iliyounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Kitalu kiko kando ya barabara, na kwa macho kinapendeza: neti ya kivuli juu, viriba vyeusi vimepangwa kwa mistari, majani yamemwagiwa maji yakang'aa. Nianze na kosa langu. Niliuacha mche mfupi wenye shina nene, nikauendea mrefu uliokuwa umekwisha kuzaa ndimu tano, kana kwamba nilikuwa nanunua ndimu badala ya mti. Matunda yale yangepaswa kunishtua, kwa sababu mti uliozaa ndani ya kiriba kidogo huenda ni mti uliokaa kitaluni muda mrefu mno.

Hata hivyo sikununua kipofu. Niligeuza majani nikatazama upande wa chini, ambako inzi weupe na vidung'ata hupenda kujificha. Nikaangalia kama kuna sisimizi wanaopanda shina kwa msururu, maana mara nyingi hufuata utamu unaotolewa na wadudu wafyonzaji. Nikalitafuta kovu la kubebesha nikaliona, liko juu ya udongo kama inavyotakiwa. Kote kulikuwa safi. Nikamwomba mwenye kitalu ainue kiriba nione matundu ya chini. Alinitazama kuanzia kwenye mtandio hadi kwenye kandambili, akawageukia wenzake waliokaa kwenye benchi, akasema, "Huyu mama anataka kumvua mche nguo." Wakacheka wote, nami ni mtu ambaye wangestahili kuniamkia kabla ya neno lolote.

Akiwa bado anacheka, akaushika mche kwa shina wala si kwa kiriba, akauvuta. Nikasikia mlio mkavu, kama muwa unaovunjwa gotini. Nikamuuliza ni nini kile. "Nailoni hiyo, mama, ilikuwa imenasa." Nikalipa shilingi 25,000 nikaondoka, na mpaka leo sielewi kwa nini niliuamini mdomo wake kuliko masikio yangu.

Haikuwa nailoni. Kiriba kikiachwa juu ya ardhi tupu kwa miezi mingi, mzizi mkuu hupenya chini na kuingia ardhini, mti ukawa unakula ardhi ya kitalu huku wanunuzi wakidhani unaishi kwenye kile kiganja cha udongo. Siku ya kuuzwa unang'olewa, na sehemu iliyokuwa ikiulisha inabaki pale pale. Mwuzaji anayejali huvisogeza viriba mara kwa mara au huvitandikia turubai ili mizizi isishuke. Niliuacha mche upumzike kivulini kabla ya kuuhamishia kwenye ndoo, na nilipokichana kiriba nilikuta mzizi mnene kama kidole changu cha mwisho umeachanika mwishoni, na mizizi mingine imejizungusha kama kata ya kubebea maji kichwani. Nikaifungua taratibu, nikaikata ile iliyojisokota, nikaupanda katika udongo wenye mboji. Kabla wiki haijaisha majani yalijikunja, ndimu zote tano zikasinyaa zikaanguka.

Nilirudi na picha kwenye simu. Hakuitazama. Alisema nimemwagilia maji vibaya, na kwamba mche ukishavuka barabara ni wangu.

Nilikuwa nimeandika hapa kwamba mtu yeyote asikanyage pale. Nimeifuta sentensi hiyo, kwa sababu haki isemwe: siku ile ile nilinunua mrehani na miche mitatu ya pilipili mbuzi kutoka kwa kijana anayefanya kazi hapo, ambaye aliniamkia, akapindua kiriba kimoja juu ya kiganja chake bila kuombwa, akanionyesha mizizi myeupe iliyoshika udongo bila kuuzunguka. Mrehani ule umekuwa kichaka, na pilipili naziuza kwa majirani. Basi nendeni, lakini mwulizieni kijana. Au msiende, maana fedha mtakayomlipa kijana itaingia mfukoni mwa yule yule mwenye kitalu, na ninapoandika hivi naona kwamba sijamsamehe hata kidogo.

Ndimu yenyewe ilikauka kuanzia juu mpaka kwenye kovu. Nilikuwa najiandaa kuing'oa nilipoona chipukizi mbili za kijani zikitoka chini ya kovu, yaani kwenye shina la limau lililobebeshwa ile ndimu. Sasa zina urefu wa mkono na miiba ya kutosha kumchana mtoto, nami kila asubuhi nazimwagilia maji.