Kinanda kimechoka: ukitengeneze au ununue kingine? Mwongozo kwa wapigaji wa Mtwara na Lindi

Malipo ya korosho yakishaanza kuingia, simu nazo zinaanza. Harusi Tandahimba, sherehe ya mtoto Nanyamba, tamasha la kwaya Masasi, na mpiga kinanda aliyekaa kimya miezi ya mvua anajikuta ana kazi tatu katika juma moja. Huo ndio wakati kinanda kizee kinapofichua magonjwa yake yote. Na huo ndio wakati wenzangu wengi, fedha ya kwanza ikiwa bado ina joto mfukoni, wanapopanda basi kwenda Kariakoo, kilomita 560 hivi, kununua kingine bila kuuliza kilichopo kinaumwa nini.

Nimepiga kinanda kanisani na harusini miaka kumi na sita, makazi yangu Mtwara mjini, kazi zikinipeleka mpaka Kilwa upande mmoja na Newala upande mwingine. Kinanda changu kikuu nilikitumia miaka kumi na moja kabla ya kukipumzisha. Katika miaka hiyo kuna mara mbili nilikaribia kukitupa kwa kosa ambalo fundi alilimaliza kwa siku moja, na kuna mwaka mmoja mzima nilikibeba jukwaani wakati kilishapaswa kubaki nyumbani. Mwongozo huu unatoka humo.

Msimamo wangu ni huu: sauti za kinanda kuwa za zamani hakuna anayezilalamikia ukumbini. Piano nzuri ya mwaka 2000 bado inamtoa bibi harusi machozi. Kinachokuvunjia jina ni kinanda kuzima, kuruka noti, au kutoa noti moja kwa kishindo katikati ya wimbo wa polepole. Kwa hiyo badilisha pale ambapo huwezi tena kukiamini, na kabla ya hapo kipeleke kwa fundi.

Mpime mgonjwa kwanza

Ugonjwa wa kawaida kabisa huku pwani ni kitufe kisicholia, au kinacholia kwa nguvu zote hata ukikigusa kwa ncha ya kidole. Chini ya kila kitufe kuna mpira mdogo wenye vipande viwili vyeusi vya kaboni. Ukibonyeza, kipande cha kwanza kinagusa bodi, kisha cha pili, na kinanda kinapima muda uliopita kati ya viwili hivyo ili kijue umebonyeza kwa nguvu kiasi gani. Vumbi likiingia, au unyevu wenye chumvi wa Shangani na Mikindani ukitanda pale, kipimo kinaharibika. Dawa yake ni kufungua, kutoa mipira, na kusafisha bodi na kaboni kwa spiriti safi na kitambaa laini kisichoacha nyuzi. Fundi redio mwenye subira anaweza, hata kama hajawahi kufungua kinanda, mradi apige picha kila hatua na asichanganye vitufe. Mimi nilitoa shilingi 30,000, nikapata miaka mitatu mingine.

Kinanda kinachosahau sauti ulizotengeneza kila kikizimwa mara nyingi kina betri ya ndani iliyokufa. Vinanda vingi vya miaka ya tisini na elfu mbili mwanzoni vina betri ya duara ya volti 3, aina ya CR2032, ileile inayowekwa kwenye kompyuta na baadhi ya saa. Hifadhi kwanza sauti zako nje, kwenye diski au kompyuta, maana kilichobaki kwenye kumbukumbu kinaweza kufutika betri ikitolewa. Kama kinanda kinatumia flopi, zile diski za zamani, na flopi hazipatikani, kuna kifaa kidogo kinachokaa mahali pa kisomea flopi na kupokea flashi. Usikiuze kinanda kwa sababu ya flopi.

Tundu la waya wa sauti lililolegea ni kazi ya kuchomelea kwa risasi, dakika ishirini. Vitelezi vinavyokwaruza vinasafishwa. Kioo kilichofifia kinakera usiku, lakini wimbo hauharibiki.

Sasa yale mabaya. Kinanda kinachojiwasha upya chenyewe, au kuganda noti ikilia bila kukoma, kinaweza kuwa na kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza chaji) zilizovimba kwenye sehemu ya umeme. Hizo zinabadilishwa. Lakini kikizima tena baada ya fundi kushughulikia umeme wake, huenda tatizo liko kwenye bodi kuu, na bodi kuu ya kinanda cha miaka ishirini haina duka. Changu kiliganda maarusi wakiwa mlangoni. Watu walisimama, mshereheshaji akajaza maneno, nami nikahesabu sekunde za kinanda kuwaka upya huku mama wa bibi harusi akinitazama. Kilipofanya hivyo mara ya pili, Lindi, nilirudisha malipo yote na sikukibeba tena.

Umeme ndio mnunuzi wa kweli

Miongozo ya wenzetu wa mbali huanza na ubora wa sauti. Kwetu anza na waya wa umeme. Gesi ya Mnazi Bay inafua umeme hapahapa mkoani, lakini shughuli nyingi za vijijini zinaendeshwa na jenereta, na jenereta hiyohiyo inabeba spika za mziki, taa, na friji ya soda. Besi ikipiga, umeme unashuka. Mziki ukinyamaza, unapanda. Kinanda kinachotumia adapta ndogo ya volti 9 au 12 kina nafuu, kwa sababu adapta nyingi za kisasa zinavumilia kushuka na kupanda huko, na ikiungua umepoteza adapta na kinanda kimebaki. Kinachotumia pia betri za kawaida kina nafuu zaidi ya yote. Jenereta ikikata mafuta, spika zitanyamaza, lakini kinanda kitabaki macho na sauti zako ulizopanga, tayari umeme ukirudi.

Mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza ni kinanda chako mwenyewe kilichotengenezwa, kama magonjwa yake ni yale ya mwanzo. Vidole vyako vinakijua. Fedha inayobaki nunua pedali nzuri, begi nene, na kisanduku cha kuunganishia kinanda na mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) kinachoondoa ule mvumo wa umeme. Mabadiliko utakayoyasikia kwenye spika yatakushangaza.

Nafasi ya pili, kwa anayepiga na bendi au kwaya yenye vyombo: Roland Juno-DS61 au Korg Kross 2 ya vitufe 61, vyote kwa kununua kilichotumika. Hapa ndipo nilipoishia mimi, na nilichukua Juno. Ilitoka mwaka 2015, ina kilo 5.3, na inatumia adapta ya volti 9 au betri nane za AA za kuchaji. Inaweza kuliza sauti 128 kwa pamoja, ina tundu la maikrofoni, na ina matundu ya MIDI (njia ya vinanda kupeana noti) ya pini tano, yale yaliyokuwepo tangu 1983, kwa hiyo kinanda changu kizee nimekiunganisha kama safu ya pili ya vitufe. Piano, ogani, shaba (tarumbeta na wenzake) na nyuzi zake zinasikika wazi hata kwenye spika mbovu za ukumbi. Kross 2 ya mwaka 2017 ni nyepesi zaidi, kilo 3.8, na inatumia betri sita za AA kwa saa saba hivi. Ukisafiri kwa bodaboda kwenda Msimbati, Kross ndiyo rafiki. Vitufe vyake nimeviona vyepesi mno kwa piano ya kanisani, na kwa hilo tu niliiacha. Vyote viwili havina spika ndani, jambo la kukumbuka kama mazoezi yenu yanafanyika nyumbani kwa mtu.

Nafasi ya tatu: Yamaha PSR-E473, iliyotoka mwaka 2022. Kwa kwaya ndogo inayotaka kinanda kipya chenye dhamana, ningeiweka ya kwanza bila kusita. Ina spika zake, staili (midundo inayokusindikiza) za kupigia peke yako, tundu la maikrofoni, gurudumu la kupindisha sauti, na matundu mawili ya kweli ya kutoa sauti kwenda kwenye mikisa, kushoto na kulia. Hilo la matundu ndilo linaloitenganisha na ndugu yake mdogo, PSR-E373, ambaye anatoa sauti kwa tundu la hedifoni tu na hana gurudumu hilo. E473 ina kilo 7, adapta ya volti 12 au betri sita za AA. Udhaifu wake: inaliza sauti 64 tu kwa pamoja, kwa hiyo ukitandika piano juu ya nyuzi na kukanyaga pedali muda mrefu, noti za mwanzo zinaweza kukatika, na haina MIDI ya pini tano, ina waya wa USB peke yake.

Nafasi ya nne ni kwa mtu anayeishika shughuli nzima peke yake, sauti na mziki: Yamaha PSR-SX700 au SX900, za mwaka 2019, au Korg Pa700 ya 2017. Ngoma, besi na gitaa vinakufuata mkono ukibadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja), na unaweza kurekodi staili zako mwenyewe. Nimemsikia kijana mmoja Nachingwea aliyeijengea SX700 mdundo wa ngoma za kwao, kipigo kwa kipigo, watu wakasimama wote. Ni vyombo vya ajabu. Nimevishusha hadi hapa kwa sababu bei yake inaweza kukununulia viwili vya nafasi ya pili, havitumii betri, na SX900 ina kilo 11.5, uzito ambao mgongo wako utaukumbuka baada ya safari ya Ruangwa.

Wapigaji wa taarabu wapange upya orodha hii. Kama mnaimba nyimbo zenye mahadhi ya Kiarabu na mnataka robo sauti (noti zilizo katikati ya zile za kawaida), ulizeni kwanza kama kinanda kinaruhusu kushusha noti mojamoja na kama kinafanya hivyo upesi, wimbo ukiendelea. Yamaha wana mfululizo wa PSR-A uliotengenezwa kwa ajili hiyo, na Korg Pa nazo zinajulikana kwa hilo. Kwenu nyinyi hizo ndizo nafasi ya kwanza.

Yamaha MODX6 ya mwaka 2018 nimeiweka ya tano. Sauti zake ndizo nzuri kuliko zote nilizozitaja. Lakini inataka mtu wa kukaa nayo na kuijenga, na kioo chake cha kugusa chini ya jua la saa tisa uwanjani kinasomeka kwa shida. Kwa studio, sawa kabisa.

Kompyuta na programu zake sizipendekezi kwa kazi za nje huku, kwa joto na vumbi. Na vinanda visivyo na jina vyenye taa nyingi na bei ya kutupa, mnunulie mtoto.

Ukienda kununua kilichotumika

Beba hedifoni na pedali yako. Bonyeza kila kitufe mara mbili, kwa upole kisha kwa nguvu, kuanzia cha kwanza mpaka cha mwisho, hata muuzaji akinuna. Jaribu matundu yote ya sauti na uyatikise waya ukiwa ndani. Kiache kikiwaka nusu saa ukinywa chai pembeni, kwa sababu bodi mbovu mara nyingi huonekana ikishapata moto.

Kisha geuza nyuma usome maandishi ya umeme. Kinanda kilichotoka Japani kinaweza kuwa cha volti 100, na cha Marekani volti 120. Kama umeme unaingia moja kwa moja bila adapta, ukikichomeka kwenye volti 230 za kwetu unakiunguza hapohapo. Na adapta nazo zina ncha: za Yamaha hizi zina chanya katikati, ya Juno ina hasi katikati. Plagi zinaweza kuingia vizuri kabisa na bado zikaua kinanda. Kwenye shughuli zenye wapigaji wawili bandika kitambaa cha rangi kwenye adapta yako, na usimwazime mtu gizani.

Vitufe 61 ni urefu wa mita moja hivi na vinalala kwenye kiti cha nyuma cha bajaji. Vya 76 havilali. Nyumbani kifunike kwa kanga au shuka la pamba, usikifunge kwenye nailoni, kwa sababu unyevu unaoingia humo hautoki.

La mwisho ni tarehe. Usinunue Oktoba. Nunua Juni au Julai, hata kwa kukopa kwenye kikundi, ili kinanda kipya kikukute kwenye mazoezi kabla hakijakukuta ukumbini. Changu nilianza nacho kwa kwaya mwezi wa nane, nikapanga sauti kumi na mbili ninazozitumia kila mara kwa mfuatano uleule wa kinanda cha zamani. Harusi ya kwanza ya msimu, Newala, taa zilipozimika nilibadilisha kutoka piano kwenda nyuzi bila kuangalia.