Ziara ya miguu ya Gouzenko mjini Ottawa: inafaa sana, ila kipeperushi chake kirekebishwe

Jumamosi iliyopita nilijiunga na ziara ya miguu ya saa mbili katikati ya Ottawa, inayofuata nyayo za Igor Gouzenko, karani wa maandishi ya siri katika ubalozi wa Kisovieti, ambaye jioni ya tarehe 5 Septemba 1945 alitoka kazini akiwa amebeba nyaraka 109 alizozificha ndani ya shati, ili aiasi nchi yake na kufichua ujasusi wake nchini Kanada. Kampuni inayoiendesha sitaitaja, kwa kuwa nina malalamiko nayo na sitaki kumharibia mtu riziki. Ziara yenyewe, hata hivyo, naipendekeza kwa kila msomaji wa Kiswahili aishiye Kanada au apitaye huku, hasa anayetaka kuelewa GRU, yaani idara ya ujasusi wa kijeshi ya Urusi, ilianzaje na kazi yake ni ipi.

Kituo kizuri kuliko vyote ni bustani ya Dundonald. Unasimama penye vibao viwili vya kumbukumbu, kimoja cha jiji na kingine cha serikali kuu, kisha unainua macho kuvuka Mtaa wa Somerset na kuliona jengo la matofali namba 511, ambamo Gouzenko alikuwa akiishi na mtoto wao mdogo na mkewe Svetlana, aliyekuwa mjamzito wakati huo. Mwongozaji wetu, mama mmoja mtulivu asiyependa kuongeza chumvi, alitusimulia mkasa huo bila haraka: jinsi karani yule alivyokwenda gazeti la Ottawa Journal usiku ule na kurudishwa, jinsi alivyozunguka kesho yake katika ofisi za serikali pamoja na familia yake bila kupata wa kumsikiliza, na jinsi watu wa ubalozi walivyofika usiku kuuvunja mlango wa fleti yake wakati yeye na familia yake wamejificha kwa jirani, mlango kwa mlango. Ukiwa pale chini, ukahesabu madirisha na kuona jinsi jengo lilivyo dogo, unatambua kwamba usalama wa watu wale watatu ulitegemea upana wa ukumbi mmoja tu.

Lililonifurahisha zaidi ni kwamba mama yule alijua kutofautisha mambo ambayo wengi huyachanganya. Mkubwa wa Gouzenko alikuwa Kanali Nikolai Zabotin, mwambata wa kijeshi, aliyepeleka taarifa zake kwa wakuu wa ujasusi wa jeshi mjini Moscow. Lakini ndani ya ubalozi huohuo alikuwamo pia Vitali Pavlov wa NKVD, polisi ya siri ya dola, mwenye wapasha habari wake na njia zake. Hilo halikuwa jambo la bahati mbaya. GRU ilizaliwa tarehe 5 Novemba 1918, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, ndani ya makao makuu ya Jeshi Jekundu, kwa sababu jeshi lilihitaji macho yake lenyewe ya kuona silaha na nguvu za adui. Ndiyo maana Zabotin alihangaikia siri za bomu la atomiki, na watu wake wakapokea sampuli za urani kutoka kwa Alan Nunn May, mwanafizikia Mwingereza aliyekuwa akifanya utafiti Montreal. Naye Yan Berzin, aliyeiongoza idara hiyo kwa miaka mingi, alipigwa risasi mwaka 1938 wakati Stalin alipowaangamiza watu wake mwenyewe.

Sasa malalamiko. Kipeperushi tulichogawiwa mwanzoni kimeandika kwamba Gouzenko alikuwa mtumishi wa KGB, shirika la usalama wa dola la Kisovieti. KGB iliundwa mwaka 1954, miaka 9 baada ya mkasa huu, na haikuwa chini ya jeshi. Si kosa dogo, maana linafuta funzo lote ambalo mwongozaji anajitahidi kulitoa: KGB ilivunjwa vipande vipande mwaka 1991, ilhali GRU ilibaki chini ya jeshi na kuendelea na kazi.

Pili, ziara inakoma mwaka 1946, kwenye tume ya uchunguzi na kesi zilizofuata, kana kwamba idara hii ilifunga virago ikaondoka Kanada. Mwaka 2018 waendesha mashtaka wa Marekani waliwashtaki maofisa wa GRU, wakidai kwamba mwaka 2016 waliingilia kompyuta ya ofisa wa kituo cha Kanada cha maadili ya michezo kupitia intaneti ya hoteli huko Lausanne, kisha wakapenya katika mtandao wa kituo hicho. Makao ya kituo hicho yako Ottawa hapahapa. Dakika 10 zingetosha kulisimulia hilo, na wageni wangeondoka wakijua kwamba kazi iliyofanywa na Zabotin kwa wapasha habari na bahasha sasa hufanywa pia kwa udukuzi.

Maelezo hutolewa kwa Kiingereza pekee, njia ni tambarare na wazee wanaimudu, bei ni kama ya mlo mmoja wa mchana. Nendeni alasiri, jua linapolipiga jengo la Somerset usoni, na vaeni koti kwa sababu bustanini mtasimama muda mrefu. Nimemwandikia mwenye kampuni kuhusu kipeperushi kile. Amenijibu kwa adabu kwamba chapa ijayo itasahihishwa, na nitarudi kukisoma.