Jaketi la hariri la Kashmir: tarizi naipa kumi, bitana naipa mbili

Niseme mapema mie sio mtaalam wa nguo ila nimelelewa na mama anayeshona kofia za viua Unguja, kwa hiyo kazi ya mkono na kazi ya mashine hunichanganyii.

Jaketi hili nililinunua Srinagar, mji wa Kashmir huko India, mwezi wa kumi, nilikuwa nasoma Delhi nikapanda huko na rafiki yangu wa darasani ambaye ndo kwao, na ndo msimu michinari, miti ya huko, inageuka nyekundu mji mzima, jani lake lina ncha kama vidole vya kiganja na ukishaliona mtini utaliona kwenye kila jaketi na kila shali. Langu jeusi, linafika nyonga, limejaa majani hayo ya mchinari mgongoni na mikononi, kifuani kuna yale maua ambayo sie kwenye kanga tunaita korosho, wao wanaita badam yani lozi.

Kazi yenyewe inaitwa aari. Hawatumii sindano kama hizi zetu, ni kikulabu chembamba mfano wa kile cha kufumia vitambaa vya meza, mkono mmoja uko juu na mwengine chini unalisha uzi, kikulabu kinazama kinatoka na kitanzi, kitanzi kinaingia kwenye kitanzi mpaka inakuwa mnyororo. Na anayetarizi sio anayechora, mchoraji ana jina lake, naqash, anatoboa karatasi vitundu tundu anasugua unga juu mchoro unabaki kwenye kitambaa. Tulikaa kwa mzee mmoja nikaangalia, jani moja tu tukamaliza vikombe viwili vya kahwa na yeye hajalimaliza (kahwa sio kahawa jamani, ni chai ya kijani yenye zafarani, iliki, mdalasini na lozi, jina lilinidanganya). Kuna na ile ya sindano hasa, sozni, ndogo ndogo mno, hiyo utaikuta zaidi kwenye shali za pashmina, ile sufi laini ya mbuzi, na bei yake sikuisogelea.

Dukani muuzaji alianzia rupia 11,000 tukaishia 7,500, kama laki mbili na ushee ya kwetu. Nikataka kuona nyuma ya tarizi maana ndo penye ukweli, lakini jaketi lina bitana, huoni kitu. Muuzaji akanifungulia kidogo kwenye pindo, nikaona nyuzi zinaruka toka ua hadi ua, kuna fundo hapa na pale, rangi zile zile za mbele. Ya mashine mara nyingi nyuma unakuta uzi mwembamba wa rangi moja, umenyooka kama umepigiwa rula. Nikalipa.

Usiku nikachomoa uzi wa kitambaa kwenye mshono wa ndani nikauchoma. Ukanuka nywele zilizoungua, jivu likavunjika kidoleni, basi hariri kweli. Nikachoma na uzi wa tarizi ukanuka karatasi! Huo sio hariri, na aliniapia kila kitu hariri. Sikukasirika sana maana unang'aa vizuri na kazi ni ya mkono, ila angesema tu.

Kilichoniudhi ni bitana. Vaa ya tatu tu, harusini, nimenyanyua mkono kupokea sahani nikasikia kwapa linachanika. Bitana yenyewe ile nailoni nyepesi, joto la Zanzibar humo ndani ni tanuri, na mshono umepigwa mbali mbali utafikiri gunia. Mama akaligeuza nje ndani, akavaa miwani, akakaa nalo muda, akasema mwanangu, huyu aliyetarizi alikuwa na subira lakini aliyetia bitana alikuwa na njaa. Nikampelekea fundi wa mtaani akang'oa yote akatia pamba, elfu 25, sasa linavalika.

Kwa hiyo ukienda nunua, ila vaa hapo hapo dukani unyanyue mikono yote miwili juu hata wakikucheka, na chukua saizi moja zaidi, mabega yao membamba. Usilifue nyumbani pia. Nilibonyeza pamba yenye maji kwenye jani moja jekundu ikatoka na rangi ya waridi, tangu siku hiyo maji hayajaligusa, nikitoka nalo nalitundika dirishani lipigwe upepo tu.