Spoti ya mtumba yenye rimu na breki za kubadilishwa: ipi ununue, ipi uiache

Ni nadra kukuta gari la spoti la mtumba likiwa bado na rimu lililotoka nazo kiwandani. Tangu dereva wa mbio za magari Colin McRae ashinde Safari Rally ya 1997 na Subaru Impreza, na mwenzake Richard Burns naye afanye hivyo mwaka 2000, mwenye Subaru akipata hela huanza na rimu, halafu ekzosi. Breki huja mwisho, kama zinakuja. Mimi orodha yangu nimeipanga kwa breki. Rimu isiyokufaa utaivua Jumamosi na kuiuza, lakini breki zilizofungwa kiholela zitakufuata mpaka kwenye mteremko wa kwanza wenye lori mbele.

1. Subaru Impreza WRX STI, modeli ya 2005 hadi 2007

Hii haihitaji kuongezewa breki, na ndiyo maana iko juu. Imetoka kiwandani na breki za Brembo, kampuni ya Italia: kalipa (kibanio kinachobana pedi kwenye diski) za pistoni nne mbele, mbili nyuma, na diski za milimita 326 mbele na 316 nyuma. Masta ya breki, ABS na kalipa vyote vilipangwa pamoja na wahandisi walewale. Ukiambiwa "breki zimeboreshwa" kwenye STI, mara nyingi maana yake ni pedi na diski tu, na hayo unaweza kuyakagua kwa macho.

Kwa nini 2005 na si 2003? Breki hazina tofauti kubwa. Tofauti iko kwenye habu, kitako ambapo rimu hufungwa. STI za kabla yake zilikuwa 5x100, yaani stadi tano kwenye duara la kipenyo cha milimita 100. Kuanzia modeli ya 2005 zikawa 5x114.3, mpangilio unaotumiwa na magari mengi, kwa hiyo rimu za kuchagua ni nyingi zaidi. Modeli hiyo ilianza kuuzwa Japani katikati ya 2004, kwa hiyo gari lenye kadi ya 2004 usilikisie, pima matundu.

Sasa rimu. Dalali atakuapia kwamba ni TE37 halisi. TE37, rimu ya spoti ya kampuni ya Rays ya Japani, ilitoka mwaka 1996, na jina lake limetokana na uzito wa ile ya inchi 15, kilo 3.7. Ni alumini iliyofuliwa kwa mashine ya shinikizo, haikumiminwa kwenye kalibu. Nakala zake zimejaa sokoni, na ukiibeba mkononi uzito utakuambia. Nakala yenyewe si dhambi. Ninachotafuta ni alama za JWL na VIA zilizochapwa kwenye chuma, kwa kuwa hizo zinahusu viwango vya Japani vya nguvu ya rimu, na kisha upande wa ndani. Hapo ndipo siri ilipo. Omba gari linyanyuliwe, zungusha kila gurudumu taratibu, angalia kama ukingo unacheza, na pitisha kidole kutafuta mahali palipochomelewa. Rimu iliyoingia shimo ikapasuka, ikachomelewa na kupakwa rangi, kwa nje inapendeza kuliko ile nzima. Ukiiona hata moja, hesabu bei ya rimu nne mpya na uitoe kwenye bei ya gari.

Kuna vitu vitatu vidogo ambavyo wanunuzi wengi huvipita. Cha kwanza ni nati. Subaru hutumia M12x1.25, Toyota M12x1.5, na fundi mwenye haraka hulazimisha za Toyota kwenye stadi za Subaru hadi uzi unaliwa. Fungua moja kwa mkono. Ikikataa kuzunguka bila spana, uliza. Cha pili ni tundu la katikati. Habu ya Impreza ni milimita 56.1, rimu yenye tundu kubwa zaidi inahitaji pete ya kujazia, bila hivyo usukani utatetemeka kwenye mwendo wa barabara kuu na utahangaika na balansi bure. Cha tatu ni nati ya funguo. Kama kuna nati ya kuzuia wezi, funguo yake iwe mkononi mwako kabla ya pesa kutoka. Siku ya pancha usiku ndiyo utakapoelewa.

Halafu matairi. Hili ni gari la kuvuta miguu yote minne, na Subaru wenyewe hutaka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, yaani kama milimita 6. Mtu aliyefunga mawili mapya nyuma na kuacha mawili yaliyokwisha mbele ameanza kuila difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na atakuuzia wewe ubaki na bili. Soma tarakimu nne za mwisho za DOT, namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakiwa na miaka minne tofauti, yametoka sehemu nne tofauti.

Injini ni makala nyingine. Pima kompresheni ya silinda zote nne, na asiyekubali upime, mwache na gari lake.

2. Toyota Altezza RS200

Najua wapo watakaocheka. Altezza haina Brembo, na nguvu zake za farasi 210 za injini ya 3S-GE bila turbo haziwezi kumtisha mwenye STI. Lakini kwa mtu anayelipa mafuta kwa mshahara wake, hii ndiyo ningemshauri kabla ya Evo, Mitsubishi iliyo namba tatu hapa chini. Inavuta nyuma, kwa hiyo tairi zisizolingana hazitakuulia difu ya kati. Matundu ni 5x114.3, saizi ya kiwandani 215/45R17, na fundi wa Toyota yuko kila mtaa.

Breki zake usizitafutie makubwa. Diski mpya, pedi nzuri na mafuta mapya ya breki ya DOT 4 vinatosha kwa uzito wake. Nikiikuta Altezza yenye kalipa kubwa za gari jingine mbele na za zamani nyuma, natafuta nyingine, kwa sababu hapo mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma umeshavurugwa na hakuna aliyeupima. Hakikisha tu kadi na injini vinasema RS200 kweli. Ndugu yake AS200 ana injini ya 1G na hulka tofauti.

3. Mitsubishi Lancer Evolution VII hadi IX

Kwa breki inalingana na STI: Brembo za kiwandani, kama ilivyokuwa tangu Evo V ya 1998. Barabarani mimi naiona inakata kona vizuri kuliko Subaru. Imeshuka hadi ya tatu kwa sababu moja, vipuri. Pampu ya AYC, mfumo unaogawa nguvu kati ya magurudumu mawili ya nyuma, huoza, na kuipata nzima ni kazi ya kuagiza nje na kusubiri. Kama una gari la pili la kwendea kazini, ipandishe hadi namba moja.

4. WRX ya kawaida iliyovishwa breki za STI

Hii ndiyo utakayotangaziwa sana, na ndiyo inayotaka macho makali. Ikifanywa vizuri ni gari tamu kwa bei ya chini. Muulize mwenye gari: kalipa za nyuma nazo zilibadilishwa? Breki ya mkono ni dramu ndogo iliyo ndani ya diski ya nyuma, je, inashika? Usikubali jibu la mdomo. Liweke kwenye mlima, vuta, achia pedali.

Kisha liendeshe. Tafuta barabara tupu, fika 80, shika breki kwa nguvu hadi 20, rudia mara tano bila kupumzika. Pedali ikizama zaidi kila mara, mafuta ya breki yamechoka au yana maji. Gari likivuta upande mmoja, kuna pistoni imeganda. Usukani ukicheza, diski zimepinda. Ukisimama, vuta pumzi karibu na kila gurudumu: linalonuka moto kuliko mengine linashikwa na kalipa.

Hizi WRX mara nyingi huwa na spesa pia, bamba linalowekwa kati ya habu na rimu, ili rimu zitoke nje zijaze madigadi. Rimu ya kiwandani ina ofseti ya karibu 53, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi pale inapogusa habu; namba ikipungua, rimu inatoka nje zaidi. Ukikuta 35 pamoja na spesa, sikiliza mvumo wa beringi kwenye kona ndefu.

Golf GTI nayo inanunuliwa sana Nairobi, na ni gari zuri. Kumbuka tu ni 5x112 na inafungwa kwa bolti badala ya nati, kwa hiyo rimu nene au spesa hudai bolti ndefu. Bolti iliyoshika nyuzi chache haikupi onyo.

Usinunue kabisa

Gari lolote lenye kava ya plastiki nyekundu iliyoandikwa Brembo juu ya kalipa ya kawaida. Aliyeificha breki hajaacha hapo.

Kama unaagiza Japani moja kwa moja, soma karatasi ya mnada kabla ya picha. Gredi ya R au RA ina maana gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Kenya haiingizi lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo STI za 2005 utazipata kwa waliozileta zamani tu. Tanzania linaingia, ila ushuru wa uchakavu utaukuta bandarini. Na kwa yeyote anayeuza ndani ya nchi, dai rimu za kiwandani ziwe sehemu ya bei. Akisema alishaziuza, punguza.