Usiku wa TV ya zamani, na ulimi wa yule kijana wa mtambo

Nimengoja siku kadhaa hasira zipoe ndo niandike, hazijapoa.

Majuzi hapa nlimpeleka mama ukumbi mmoja Mji Mkongwe, walitangaza usiku wa vipindi vya mwanzo vya TV yetu ya Zanzibar, taarab na maigizo. Mama alikuwa mtoto Kikwajuni TV ilipoanza, ile 1973, ya rangi tangu siku ya kwanza, wenzetu bara wakangoja mpaka miaka ya tisini, na kwao mama TV hawana, wakisukumana dirishani kwa jirani. Basi siku hiyo kavaa buibui jipya, tangu magharibi ananihimiza tutachelewa, tutachelewa.

Taarab nakiri ilikuwa tamu. Fidla, ganuni, mwimbaji kasimama wima hatingishiki, rangi zimevuja na mistari inakata picha kwa chini lakini nani anajali, wanawake safu ya nyuma vigelegele, mmoja kanyanyuka na noti mkononi kabisa kama anakwenda kutunza. Ingeishia pale ningetoa nyota zote.

Likaja igizo, sauti ikakatika. Si kukoroma, kukatika. Midomo inakwenda, mzee anamfokea mkwewe, hatujui kwa lipi. Dakika tano, kumi, hakuna anayeshughulika. Mama kamwendea kijana wa mtambo, kwa adabu zake, "Mwanangu, hebu rudisha nyuma kidogo tusikie." Kijana hata macho hakuyatoa kwenye simu: "Bibi, wa nini hao, wote washakufa."

Yakhe! Mtu mzima anaambiwa hivyo mbele za watu! Mama karudi kukaa, kimya, kapakata mkoba wake, na mie nataka kunyanyuka kanishika mkono. Sasa huyo kijana anajua ameshika nini? Enzi zile kanda zilikuwa ghali, hata BBC huko Uingereza walikuwa wakifuta cha jana warikodi cha leo, na vipindi vyengine vilikwenda hewani moja kwa moja havikurikodiwa hata mara moja. Na kanda iliyosalimika inaliwa na unyevu huu wetu wa pwani. Kwa hiyo kilichobakia ni kidogo sana jamani, na hicho kidogo unakiacha kipite bubu kwa sababu unachati?

Na mpaka mwisho hakuna aliyetutajia waigizaji ni nani, si kwa mdomo si kwa karatasi.

Nilitaka niseme msiende. Nasema kweli, nilishaandika hivyo nikafuta. Kwa sababu pale penye taarab nlimuona mama anaimba, mie mamangu sijapata kumsikia akiimba. Nendeni basi, lakini kaeni karibu na mtambo, na huyo kijana atolewe, au afunzwe kusema na wazee, bora atolewe.

Jana mama kaniuliza watarudia lini. Anataka kujua yule mzee alikuwa akimfokea nini mkwewe, alilitizama utotoni pale dirishani, kasahau.