Nilipeleka mama kliniki ya kumbukumbu Hurlingham, kumbe wa kuangaliwa zaidi alikuwa ndugu yangu

Kati ya nyota tano nawapa nne, hiyo moja nimetoa juu ya ngazi na bei, nitafika huko.

Mama ako na miaka 71, ako na ugonjwa wa sukari tangu kitambo, anauza mboga hapa Kahawa West pamoja na ndugu yangu anayenifuata, ako 44, alizaliwa na sindromu ya Down. Hao wawili hawaachanangi, asubuhi wanafungua kibanda pamoja, jioni wanafunga pamoja. Mwaka jana mama akaanza kuharibu chenji, mtu anarudishiwa mara mbili, mwingine harudishiwi, alafu anakuuliza kitu umemjibu saa hiyo hiyo. Roho ikaniruka.

Mahali pa kwanza tulienda ni hospitali nyingine, siitaji. Mama akapewa kalamu achore saa ya mishale na kitu kama boksi. Mama aliachia shule darasa la tatu, akaangalia ile karatasi, akaniangalia mimi, akaweka kalamu chini polepole. Dakika kumi hivi tukaambiwa ni dimenshia, ule ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, tukapewa karatasi ya dawa. Nikauliza kuhusu ndugu yangu, juu hata yeye alikuwa amebadilika, nikajibiwa "hawa si ndio wako hivo." Hiyo maneno ilinikaa kwa kifua mwezi mzima.

Sasa hii ya Hurlingham. Kwanza kwa simu walisema tukuje na dawa zote za mama kwa mfuko, miwani kama ako nayo, na mtu anayeishi naye nyumba moja. Tulikaa huko masaa mawili na nusu na hakuna mtu alituharakisha. Sista alianza na masikio, sikio la kulia lilikuwa limeziba na nta kabisa, wakasafisha kabla hajaulizwa swali hata moja, sista akasema utapima mtu kumbukumbu aje na hata hajaskia umemwambia nini. Nilisoma baadaye nikaona hata jopo la wataalamu la jarida la udaktari la Lancet mwaka wa 2024 lilihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari ya dimenshia na kupoteza kusikia ni moja yao, pamoja na presha, sukari, kolestro, macho mabaya, upweke, huzuni isiyotibiwa, hata kukosa shule, wakasema yote yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya dimenshia inaweza kuzuilika ama kucheleweshwa. Na huku kwetu mzee asiposkia tunasema tu ni uzee.

Alafu kipimo chenyewe. Wanatumia ile inaitwa IDEA, ilitengenezwa kwa utafiti wa wazee wa Hai kule Kilimanjaro, Tanzania, na wa Nigeria, alama zote ni 15 na hakuna mambo ya kalamu. Unataja wanyama unaojua kwa dakika moja, unaeleza daraja ni nini, unakumbuka maneno uliyosomewa. Pia kuna njiti za kiberiti, sista anapanga mfano kwa meza, anavuruga, wewe unapanga vile zilikuwa. Mama yule yule aliyekataa kalamu alishika zile njiti venye anashikanga vitunguu, akageuza vichwa vyake kimoja kimoja mpaka vikaangalia penye vilikuwa vinaangalia, akasema "haya." Ile ya kukumbuka maneno ndo ilimsumbua. Alipata 9, na daktari akasema wazi hiyo peke yake haitoshi kuita mtu mgonjwa, akaitisha damu.

Vitamini B12 ilikuwa chini sana. Kumbe hiyo dawa ya sukari ya metfomini ukitumia miaka mingi inaweza kufanya mwili usichukue B12 vizuri kutoka kwa chakula, na ikipungua mtu anasahau, miguu inakufa ganzi, na mama alikuwa analia miguu tangu zamani sisi tukisema ni kusimama kibandani. Akaanzishiwa sindano. Ni miezi minne sasa, chenji imerudi, majina ya wajukuu bado anachanganya. Daktari hakutuahidi kitu, alisema tutampima tena.

Lakini hii maneno ninaandika ni ya ndugu yangu. Alikuwa amekaa tu hapo kando akishikilia mfuko wa mama, na daktari akimaliza na mama akamgeukia akamwambia "na wewe ndugu yangu, unaendeleaje?" akangoja. Akangoja kweli, labda nusu dakika, mpaka akajibiwa. Sijawahi kuona daktari akimngoja.

Akaniuliza mimi, miaka miwili iliyopita alikuwa anafanya nini peke yake ambacho sasa hafanyi? Nikamwambia mafungu ya sukuma. Yeye ndiye alikuwa anafunga, majani yanalala upande mmoja, shina zinalingana, anazungusha kamba ya mgomba mara mbili anafunga, na hukuti fungu kubwa kuliko lingine. Siku hizi anazungusha kamba alafu anaacha hapo, ama anafunga kamba yenyewe bila majani. Daktari aliandika hiyo yote, hakusema "hawa wako hivo."

Akatueleza. Mtu wa sindromu ya Down ako na kromosomu (zile nyuzi za urithi ndani ya seli) ya 21 tatu badala ya mbili, na jeni inayotengeneza ile protini ambayo amiloidi, uchafu unaoziba ubongo, hutoka kwake iko hapo hapo kwa 21, kwa hivo amiloidi inaanza kurundikana kwa ubongo mapema, akifika miaka 40 karibu kila mmoja ako na alama za Alzheimer, aina moja ya dimenshia, ndani, ata kama kwa nje haijaonekana. Kuna utafiti wa Ireland ulifuata wanawake 77 kwa miaka 20, wastani wa umri wa kugunduliwa dimenshia ulikuwa 55. Zamani hatukujua haya kwa sababu wengi walikuwa hawafiki huo umri. Miongozo iliyotolewa Marekani mwaka wa 2020 inasema uchunguzi uanze mtu akifika 40, na unamlinganisha na yeye mwenyewe wa jana, si na mtu mwingine. Sisi tulikuwa tumechelewa miaka minne.

Lakini hakurukia hapo. Alipima tezi ya shingo (homoni yake ilikuwa chini, na kwao hiyo ni kawaida sana, sasa ako kwa dawa), akauliza kama anakoroma, akamwangalia macho. Mwisho akauliza kama kuna mtu amekufa nyumbani.

Baba alifariki miaka miwili iliyopita. Ndugu yangu tulimwambia baba amesafiri. Hatukumpeleka mazishi, tuliona hataelewa, tuliona tunamhurumia. Nikisema hayo pale ofisini ndo nilijiskia nikiyasema. Daktari alisema pole, akanyamaza kidogo, akasema huyu amekuwa akingoja. Tulimpeleka Murang'a Jumamosi iliyofuata, mama ndiye alimwambia, mbele ya kaburi, kwa Kikuyu. Alikaa chini kwa nyasi akakataa kuinuka mpaka jioni. Tangu hiyo siku hajasimama tena kwa geti saa moja usiku, na sisi tulikuwa tunafikiria anasimamanga hapo kuangalia magari.

Mabaya. Kliniki iko ghorofa ya pili na hakuna lifti, wazee wenye magoti mabaya! Mama alipumzika mara mbili. Elfu sita kwa kila mtu na damu unalipia kando, bima ikakataa, nilichanga na ndugu zangu. Ripoti ilikuja kwa Kizungu cha madaktari, nikalalamika, sista akaniandikia ukurasa mmoja kwa Kiswahili, hiyo wangekuwa wanapatia kila mtu bila kuombwa. Piga simu kwanza uulize siku ya daktari wa wazee, si kila siku ako.

Tumeambiwa tumchukue video kila miezi sita akifunga sukuma, meza ile ile, saa ile ile ya asubuhi. Ya kwanza iko kwa simu yangu, dakika nne, mafungu kumi na moja, mawili hayana kamba, na kwa mwisho unaskia mama nyuma ya kamera akimwambia "hayo mawili lete nikufungie." Ya pili ni mwezi wa nane.